Askari Anapomnunulia Zawadi Mtu Apendaye Kusoma

Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika kutafsiriwa na kupigwa chapa mwaka 1896, na miongoni mwa nakala zake za kale zimo zenye umbo la kuchekesha: upana wake ni kama kiganja cha mkono, lakini unene wake ni kama tofali. Halikuwa kosa la mpiga chapa. Walioitengeneza walijua ya kwamba nyumba za Buganda za zama zile zilikuwa na adui asiyeheshimu maandiko, naye ni mchwa; basi wakaipimia Biblia hiyo mkebe wa bati wa biskuti za Huntley & Palmers, ipate kuenea humo barabara. Msomaji alipokwisha kusoma alikirudisha kitabu mkebeni, akafunika, akalala usingizi wake. George Pilkington, aliyefanya sehemu kubwa ya tafsiri hiyo pamoja na Henry Wright Duta, hakukaa sana duniani baada ya kazi yake. Aliuawa kwa risasi mwezi wa Desemba 1897 huko Busoga, katika mapigano dhidi ya askari wa Kisudani walioasi.

Aliyebuni mpango wa mkebe hakujiuliza tu ni kitabu gani kifaacho. Alijiuliza pia kitakaa wapi, nani atakisoma, na kitu gani kitakuja kukila. Twaikumbuka habari yake kila tuulizwapo swali moja ambalo huletwa ofisini mwetu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa siku za likizo zikikaribia: «Afande, nimpelekee nini mtu ambaye hana hamu na kitu ila kusoma?»

Desturi yetu sote twaijua. Askari aendaye nyumbani hupita sokoni akanunua sukari, sabuni, mkate, kilo mbili za nyama, na kitambaa cha gomesi kwa mama. Hatuzidharau zawadi hizo, wala hatumshauri mtu afike kwa mama yake akiwa na kitabu tu mkononi bila sukari. Atakuwa amejitafutia maneno kijiji kizima. Lakini sukari ni ya nyumba nzima, na wiki mbili haifiki. Apendaye kusoma hutaka, pamoja na hiyo sukari, kitu kimoja kinachoonyesha kwamba kuna mtu amemfikiria yeye peke yake.

Na jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Mtu mwenye kazi kama yetu hukaa mbali na watu wake miezi sita, mwaka, pengine zaidi. Tangu Machi 2007, askari wetu walipotua Mogadishu kwa mara ya kwanza, wako watoto wa Uganda waliojifunza kusoma hali baba yu Somalia, na wengine hali mama yu Somalia. Mzazi huyo arudipo, sukari haimwambii mtoto lolote. Kitabu humwambia, kwa kuwa kitabu kina umri. Ukimletea msichana wa miaka 11 kitabu cha herufi kubwa na picha za kuku na vifaranga, umemwambia bila kufungua kinywa kwamba kwako wewe angali na miaka 7. Atapiga magoti na kushukuru kama alivyofunzwa, kisha atampa mdogo wake. Tumeuona uso wa mtoto wa namna hiyo, na hatuutamanii askari mwenzetu yeyote auone katika nyumba yake.

Upelelezi kwanza

Kazi ya kwanza basi ni upelelezi, na katika fani hiyo wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji mwalimu. Usimwulize mwenyewe atakacho. Watu wenye adabu hujibu «chochote tu, asante», na jibu hilo halina faida kwa ofisa wa upelelezi. Tazama. Katika vitabu vyake ni kipi kilichokatika mgongo kwa kufunguliwa mno? Ukurasa uliokunjwa pembe uko mwanzoni au mwishoni? Kitabu kilichokunjwa pembe ukurasa wa 15 na kuota vumbi hakikumpendeza, usimletee ndugu yake. Piga simu kwa mdogo wake, kwa mwalimu wake, kwa jirani anayeazimana naye magazeti. Mwulize mtoto mwenyewe, si «wataka kitabu gani», bali «wasoma nini siku hizi, na kimefika wapi». Ukimsikia anaeleza kwa pumzi moja mpaka muda wa simu unakwisha, umekwisha kupata jibu.

Lipo swali jingine ambalo tumeliona likifungua milango iliyofungwa. Kila apendaye vitabu anacho kimoja alichomwazima mtu kisirudi. Humjua aliyekichukua, hujua mwaka, na jeraha hilo haliponi. Atakayekitafuta kitabu kile kile, akazunguka nacho maduka na meza za vitabu vikuukuu mpaka akakipata, amempa mwenziwe zawadi isiyo na mfano, hata ikiwa bei yake haifiki nusu ya bei ya kuku. Koplo mmoja tunayemfahamu alifanya hivyo kwa mkewe, mwalimu wa shule ya msingi. Kilichopotea kilikuwa kimojawapo cha vitabu vya Barbara Kimenye juu ya mtoto mtundu Moses na shule yake, vitabu ambavyo Waganda wengi wa makamo walivisoma kwa kuficha chini ya dawati. Koplo alidhani mkewe, mtu mzima, atacheka. Mama yule aliketi jikoni akakisoma chote, na chakula cha jioni hiyo kilichelewa sana.

Ndugu zetu wa polisi, hasa wale wa idara ya makosa ya jinai, twawajua kwa jambo moja: wanapenda hadithi za upelelezi, na hawaziamini hata kidogo. Kwao hatuna wasiwasi kumtaja Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilipata tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa Kiswahili ya Afrika Mashariki ya 1957 na 1958, ikatolewa kitabu mwaka 1960, na ndani yake yumo Bwana Msa na kiko chake, ambaye hutegua mafumbo kwa akili tu, bila bunduki wala gari la doria. Apendaye mwendo wa kasi na risasi mpe Elvis Musiba, ambaye jasusi wake Willy Gamba alianza kazi katika Kufa na Kupona mwaka 1974. Na kama ofisa huyo ni mama au dada asomaye Kiingereza, asiyependa kudanganywa kwa mambo mepesi, yuko Jennifer Nansubuga Makumbi. Riwaya yake Kintu, iliyotoka mwaka 2014, yaanza na kijana aliyeuawa na kundi la watu wenye hasira hapa hapa Bwaise, kisha yarudi nyuma hadi Buganda ya karne ya 18. Polisi aliyewahi kufika mahali pa tukio la namna ile baada ya watu kutawanyika ataisoma kurasa hizo za kwanza polepole.

Mintarafu ya vitabu vya kurekebisha watu, twaomba tahadhari. Usimpe mume kitabu juu ya madhara ya pombe siku ya kuzaliwa kwake. Usimpe mke kitabu cha upishi ikiwa hakukiomba. Kamusi ni zawadi bora kwa mtoto wa shule na kwa askari anayejiandaa kwa kozi, lakini ukimpa mtu mzima ambaye jana ulimsahihisha maneno mbele ya wageni, hiyo si zawadi tena.

Lugha ya nyumba na lugha ya kambi

Kiswahili ni lugha yetu ya paredi na ya lindo tangu enzi za King's African Rifles, na watu wengi wa nchi hii walikijua kwanza kwa sikio la woga. Hali inabadilika. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari, na leo wako watoto wanaowauliza baba zao wenye magwanda maana ya maneno. Huyo ndiye wa kupewa Kamusi ya Kiswahili Sanifu, ile iliyotungwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1981, kisha ikafuatwa na matoleo mengine. Lakini zawadi ya lugha haitazami mpewaji anajua lugha gani tu. Yatazama pia anacheka na kulia kwa lugha gani. Mtu aweza kuwa na shahada ya Makerere, na bado moyo wake ukasoma Kiacholi.

Mfano mwema ni Okot p'Bitek, mwana wa Gulu aliyezaliwa mwaka 1931 akafariki Kampala mwaka 1982, ambaye licha ya kuwa mshairi alikuwa pia mchezaji katika timu ya Uganda iliyozuru Uingereza mwaka 1956. Riwaya yake ya kwanza, Lak Tar, aliiandika kwa Kiacholi ikatoka mwaka 1953. Utenzi wake mkubwa juu ya mke alalamikaye mume aliyepotewa na mila aliutunga kwa Kiacholi vile vile, lakini ulimwengu uliupata kwanza kwa Kiingereza mwaka 1966, kwa jina la Song of Lawino. Kiacholi chenyewe, Wer pa Lawino, kikafuata mwaka 1969. Na mwaka 1975 Paul Sozigwa wa Tanzania akautoa kwa Kiswahili, Wimbo wa Lawino. Ndugu msomaji, ifikirie nyumba moja: bibi huko Kitgum, binti yake mhasibu hapa Kampala, na mkwe ambaye ni sajini kutoka Kasese. Kitabu kile kile kwa lugha tatu, kila mmoja na chake, kisha Krismasi wakae pamoja wabishane nani ana haki, Lawino au mumewe. Twakiri kwamba kuzipata nakala zote tatu ni kazi ya miguu, maana tafsiri za kale hazipigwi chapa kila mwaka. Lakini ndiyo tunaloliita kumfikiria mtu.

Na kwa wale wanaopenda Kiswahili kilichopevuka, iko Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, yule Mzanzibari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021. Tafsiri hiyo ilitoka mwaka 2022. Askari ataiona njia ya misafara ya bara, na mwishoni atawaona askari wa Kijerumani wakikusanya wapagazi kwa vita vya kwanza vya dunia. Kwa nyumba yenye mzee au kumbukumbu ya mzee aliyepigana Burma, twashauri Utenzi wa Vita vya Uhuru wa Shaaban Robert, uliotolewa mwaka 1967, miaka mitano baada ya kufa kwake. Vita vyote vya 1939 hadi 1945 vimo humo kwa beti. Shairi la namna hiyo husomwa kwa sauti. Wajukuu wasome kwa zamu, mzee asikilize, na akikatiza kusema «hapa haikuwa hivyo», mwacheni aseme mpaka mwisho, na mmoja wenu awe na kalamu.

Sare mlangoni mwa duka la vitabu

Hapa hatuna budi kusema jambo zito kidogo. Katika nchi yetu sare na kitabu havikuwa marafiki siku zote. Rajat Neogy, aliyeanzisha jarida la Transition katika mji huu mwaka 1961, alikamatwa na kuwekwa kizuizini mwaka 1968 kwa ajili ya maandishi yaliyokuwamo. Byron Kawadwa, mtunzi wa tamthilia na kiongozi wa National Theatre, alikamatwa na watu wa serikali ya Amin mwaka 1977, muda si mrefu baada ya mchezo wake Oluyimba lwa Wankoko kuonyeshwa katika tamasha kuu la Lagos. Hakurudi kwao hai. Okot mwenyewe aliishi miaka mingi Kenya kwa kuwa nyumbani hapakukalika. Waliofanya hayo walivaa nguo za serikali, au walitumwa na waliozivaa. Muuza vitabu mwenye umri mkubwa akimwona mtu wa magwanda akipinda kuingia dukani mwake, si ajabu moyo wake ukaenda mbali kabla midomo haijasema karibu.

Kwa hiyo askari aingiapo katika duka la vitabu amekwenda kwa kazi mbili. Bunduki ibaki kambini. Vua kofia, msalimu mwenye duka, mwambie wataka zawadi ya nani na ana umri gani, uulize bei kama raia, ulipe, upewe risiti. Usiombe upunguziwe kwa sababu ya cheo. Twaamini mwenye duka atalisimulia jambo hilo nyumbani kwake jioni, na huo ndio uhusiano mwema na raia ambao sisi wa ofisi hii huuandikia taarifa ndefu.

Na mtu asidhani kwamba sare na kalamu havikai pamoja. Robert Kakembo, askari kutoka Uganda aliyetumika katika vita vya pili vya dunia, aliandika kitabu cha Kiingereza, An African Soldier Speaks, kilichotoka katika miaka ya 1940, akieleza kwa ujasiri askari Mwafrika alivyoona na alivyotaka baada ya vita. Ofisa kijana apendaye historia akipewa hata nakala ya zamani iliyochakaa ya kitabu hicho, atajua kwamba yeye si wa kwanza.

Tukigusa nakala, neno moja kwa polisi: kitabu kilichotolewa fotokopi kizima na kubanwa kwa gundi si zawadi ya kutolewa na mlinzi wa sheria. Sheria ya haki za watunzi tunayo tangu mwaka 2006.

Msomaji aliye safarini

Mpaka hapa tumesema juu ya zawadi itokayo kambini kwenda nyumbani. Iko na ile itokayo nyumbani kuja kambini, na wake zetu na waume zetu wasomao ukurasa huu watatusamehe tukiwaeleza mambo ya uzito. Kitabu kinene chenye jalada gumu ni kizuri sebuleni. Katika begi la mgongoni hushindana na maji, na maji hushinda. Wamarekani walilijua hilo: kati ya mwaka 1943 na 1947 walipiga chapa kwa ajili ya majeshi yao vitabu zaidi ya milioni 120, vya majina yapatayo 1,300, vyote vyepesi, vingi vikiwa vipana kuliko urefu wake ili viingie mfukoni mwa sare. Vilisomwa hospitalini, melini na mahandakini, vikapokezanwa mpaka vikaraluka. Basi mtumie askari kitabu chembamba cha jalada laini, hadithi fupi kuliko riwaya ndefu, kwa maana lindo halingoji sura iishe. Kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, ile tuiitayo kavera. Na tia ndani kitu cha kuwekea alama ambacho ni chenu wenyewe: picha ya mtoto, au kipande cha karatasi alichochora.

Naye askari anaweza kurudisha fadhili kwa njia isiyogharimu shilingi. Asome sura moja ya kitabu cha mtoto kwa sauti, airekodi katika simu yake, na aitume mtandao upatikanapo. Mtoto atafungua kitabu kilicho nyumbani na kufuata kwa kidole sauti ya baba au mama. Sauti za magari na upepo nyuma yake hazidhuru. Ila asome akiwa mahali ambapo hakuna mazungumzo ya kazi yatakayonaswa. Hilo ni la usalama, nasi hatuwezi kuliacha bila kulitaja.

Macho na mwanga

Zawadi ya msomaji si lazima iwe kitabu. Twamfahamu sajini mstaafu mmoja, mzee wa watu, aliyekuwa akisoma gazeti toka jina lake hadi matangazo ya vifo. Pole pole akaacha. Wanawe wakasema mzee amechoka na dunia. Wengine wakasema ni uvivu wa uzeeni. Walimletea redio, kisha redio kubwa zaidi. Ndipo mjukuu mmoja alipoona kwamba babu alikuwa akilishika gazeti mbali zaidi kila mwezi, mpaka mkono ukawa mfupi. Madaktari hueleza kwamba lenzi ya jicho la binadamu hukakamaa kadiri miaka inavyopita, na kuanzia miaka 40 hivi maandishi ya karibu huanza kuchezacheza, hata kwa mtu ambaye bado aweza kulenga shabaha ya mbali bila kukosea. Si ugonjwa wa aibu, na dawa yake ni vioo viwili tu.

Lakini usimnunulie miwani ya kukisia. Mpeleke akapimwe, Mulago, au idara ya macho ya hospitali ya Mengo, au hospitali ya jeshi iliyo karibu nawe. Maana pengine si umri tu, bali ni mtoto wa jicho au presha ya jicho, na presha ya jicho hupofusha kimya kimya. Mfuatie siku hiyo yote, mkae naye kwenye benchi, mle naye chakula cha mchana. Kwa mtu apendaye kusoma, hiyo ni zawadi kubwa kuliko maktaba. Sajini yule amerudi kwenye matangazo ya vifo, na sasa anawasahihisha wanawe tarehe.

Mwanga nao ni vivyo hivyo. Mtoto anayesoma kwa tadooba anavuta moshi pamoja na elimu. Taa ndogo ya sola yenye shingo ya kukunjika, iliyotengwa kwa ajili yake na si kwa ajili ya jiko, humwongezea saa mbili za kitabu kila usiku. Andika jina lake juu ya taa kwa rangi, ama sivyo utaikuta bandani kwa kuku.

Nasser Road na Nsambya

Katika mji huu ziko zawadi ambazo hazipatikani katika duka lolote. Barabara ya Nasser ni ya wapiga chapa, na miongoni mwao wamo mafundi wa kushona na kujalidi vitabu. Mama yako ana Biblia au Kurani au kitabu cha nyimbo kilichokatika mgongo, ambacho hufungwa kwa kamba. Usimletee kipya, cha zamani kina machozi yake. Kichukue kwa ruhusa yake, mpelekee fundi, kirudi kimeshonwa upya na jina lake kwa herufi za dhahabu. Ila msimamie fundi kwa makini juu ya jambo moja. Familia nyingi huandika katika kurasa za mwanzo siku za kuzaliwa watoto, za ndoa na za vifo, na pengine hapana mahali pengine zilipoandikwa. Mwambie asizing'oe kurasa hizo wala asipunguze kingo zake kwa mashine ili kitabu kipendeze. Zipige picha zote kwa simu kabla hujakitoa mkononi.

Kwa jalada la nje, nenda nyuma ya National Theatre kwa wauza kazi za mikono, upate kasha la kitabu au la daftari la olubugo, kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho UNESCO ilikitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa wanadamu wote. Rangi yake ni ya udongo na hushikika vizuri mkononi. Hakipendi maji, basi usimpe mvuvi.

Rafu nayo ina hesabu yake kwa watu wa kazi yetu, ambao leo wako Nsambya na kesho wamehamishiwa Moroto. Rafu ya ukutani hubakia kwa mwenye nyumba. Mwambie seremala wa Nsambya akutengenezee sanduku la mbao lenye kifuniko cha bawaba na vishikio viwili vya kamba: likisimamishwa kwa ubavu ni rafu, likilazwa na kufungwa ni mzigo wa lori. Miguu yake ikae katika mikebe yenye oili chafu, kwa ajili ya yule adui wa mwaka 1896 ambaye hajastaafu.

Yaandikwayo ndani

Kitabu kisichoandikwa kitu ndani hakijawa zawadi bado. Tumia ukurasa wa kwanza mtupu, kwa wino, kwa mwandiko wako hata kama ni mbaya. Andika jina la mpewaji kama umwitavyo nyumbani, tarehe, na sentensi moja ya kweli: kwa nini kitabu hiki, kwa nini yeye. «Kwa Akello, uliyeniuliza kwa nini mwezi hutufuata tukienda kwa basi.» Sentensi kama hiyo haiwezi kuandikiwa mtu mwingine. Usiandike cheo chako. Mwanao hakupigii saluti. Tumewahi kuona kitabu cha harusi kilichopigwa mhuri wa ofisi, na bibi harusi akauliza kama anatakiwa kukirudisha bohari. Na ukiwa katika kazi ya nje ya nchi, usiandike jina la kambi wala la posti. «Mbali na nyumbani, 2025» yatosha.

Kama huwezi kukipeleka mwenyewe, kifungwe kwa karatasi ngumu, kisha kamba, na juu yake kavera. Jina la mpokeaji, mji anakoshukia na namba ya simu yake viandikwe pande mbili, kwa sababu upande mmoja husuguka. Kampuni nyingi za mabasi yaendayo Arua, Gulu, Mbarara na Mbale zina dirisha la vifurushi; fika kabla ya saa ya kupakia, sema wazi kwamba ndani mna kitabu ili kisiwekwe chini ya magunia ya samaki, na risiti yako uitunze mpaka usikie sauti ya mpokeaji kwenye simu.